Mzee Amekata Moto, Shangazi Bado Anapumua

Juma lililopita mliniacha sebuleni kwa baba mkwe, begi begani, mke wangu kanishika mkono, na yule mzee ananipandisha na kunishusha kwa macho bila kunikaribisha kiti. Kwa uliyeingia leo, nikufupishie. Mimi ni fundi wa makochi. Nilikuwa na karakana yangu, ikaungua, na makochi ya watu yakiwa ndani. Wenye makochi wakanijia juu, mwenye nyumba naye hakubaki nyuma, na mwisho wa yote nikaenda kuishi kwa baba wa mke wangu. Mwanaume mzima, na ndevu zangu.

Jina langu nililipoteza siku hiyohiyo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alinitazama akasema, "Karibu, Sponji."

"Kwa nini Sponji?" nikamwuliza.

"Kwanza ndiyo kazi yako. Pili, hata ukikamuliwa vipi hutoi sauti."

Wakacheka wote, na mke wangu akacheka kidogo. Tangu siku hiyo mimi ni Sponji, hata kwa wateja.

Wateja, ndiyo. Baba mkwe anauza sigara za umeme. Sio zile za kiberiti, nasema hizi za betri: unabonyeza kitufe, unavuta, unatoa wingu lenye harufu ya vanila, na majivu huyaoni. Duka liko mbele ya nyumba. Mlango mmoja unatazama barabara, mwingine unatazama ua. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kufa mtu, kifua kikamtisha, akahamia hizi za betri, akazipenda mpaka akazifungulia duka. Ni mkali na ni mkono wa birika, na nyumba nzima inamwita Mzee. Mkewe alishafariki. Anayetunza nyumba ni dada yake, ambaye sote tunamwita Shangazi, hata mimi, ingawa si shangazi yangu.

Duka lilikuwa likishikwa na shemeji. Alikuwa akijiona mrithi, na alivaa hivyo, anatembea hivyo.

Basi asubuhi moja tunakunywa chai, Mzee akaweka vifaa viwili mezani, mbele yangu.

"Sponji, wateja wananirudishia bidhaa. Wanasema betri hazikai. Mtu wa jumla ananiletea aina hizi mbili. Zote mbili unapandisha na kushusha volti kwa kuzungusha hii pete ya chini. Betri zake zimeandikwa ukubwa uleule. Nataka kujua ipi inakaa, maana nitajaza duka kwa aina moja tu."

"Nizipime kwa nini, Mzee?"

"Kwa mapafu yako. Zijaze chaji, ziweke sawasawa, vuta mpaka moja ikate moto. Halafu endelea na nyingine mpaka nayo ikate moto. Ukimaliza uje uniambie iliyodumu."

"Mimi sivuti, Mzee."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Mvutaji atakipendelea kifaa kinachomnogea. Wewe hakuna kinachokunogea."

Shemeji alicheka mpaka chai ikampalia. Mzee akamsubiri amalize kukohoa, kisha akaendelea bila kupandisha sauti.

"Ukinipa jibu la kweli, duka utalisimamia wewe, na vyumba vya nyuma mtahamia wewe na mkeo, mkaishi kama watu. Ukinipa jibu la kubahatisha, utatoka hapa. Utatoka wewe. Binti yangu atabaki."

Shemeji akaacha kucheka. Mimi nikamgeukia mke wangu, nikitegemea aseme neno. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Baba ameshasema," akanijibu.

Ndugu msomaji, mimi nampenda mke wangu. Nalisema waziwazi ili usije ukaniuliza baadaye kwa nini sikuchukua begi langu nikaondoka asubuhi ileile.

Chumbani ndiko tulikoharibu mambo, tena kwa kicheko. Kifaa kimoja kilikuwa kizito, cha chuma, na ukikivuta kinakwaruza koo kabla hakijakupa kitu. Mke wangu alikivuta mara moja, akakohoa, akasema, "Huyu ni baba mtupu. Huyu tumwite Mzee."

Kingine kilikuwa chembamba, rangi ya waridi, na ukikivuta kinapiga mluzi ambao hauishi.

"Na huyu?" nikamwuliza.

"Shangazi. Humsikii? Hamalizi kuongea."

Tulicheka tukaziba midomo kwa mto. Tangu karakana iungue sikuwa nimemsikia mke wangu akicheka namna ile, na kicheko hicho kilinilainisha. Akanishika sikio akaniambia, "Usije ukaropoka nje. Baba akisikia, wote wawili tumekwisha." Nikaapa.

Hapo ndipo vile vifaa vilipohama ngeli. Havikuwa tena "kimezima" na "kinawaka". Vikawa "amezima" na "anawaka", kama watu wenye vitambulisho. Laiti ningeviacha kwenye ngeli yake.

Nilipewa stoo iliyo nyuma ya duka, yenye soketi moja tu ukutani. Nilizungusha pete ya Mzee mpaka kwenye namba nne, nikazungusha ya Shangazi mpaka kwenye namba nne, nikajisifu kwamba nimeziweka sawasawa kama nilivyoagizwa. Nikachukua makopo mawili ya njiti za kiberiti. Kila mvuto mmoja, njiti moja inatoka kopo hili inaingia kopo lile. Vuta Mzee, weka njiti. Vuta Shangazi, weka njiti. Betri zikaisha zote, lakini siku ya kwanza nilipotewa na hesabu kwa sababu ya kichefuchefu, nikalazimika kuzichaji na kuanza upya. Siku ya pili nilitapika ndani ya kopo la njiti, nikaanza upya tena.

Shemeji alikuwa haniachi. Kila wateja wakijaa dukani anafungua mlango wa stoo.

"Njooni muione mashine yetu ya kupimia," anawaambia. "Haina dhamana, lakini haili umeme."

Wanachungulia, wanacheka, wengine wananipiga picha na simu. Mmoja akauliza kama nakodishwa. Shemeji akamjibu kwamba naazimwa bure, mradi nirudishwe nikiwa napumua.

"Sponji, vuta, mteja aone," ananiamrisha.

Nami navuta. Machozi yananitoka, njiti naiweka kopo la pili, na shemeji anafunga mlango.

Usiku mke wangu alikuwa ananisugua kifua kwa mafuta, ananiambia, "Vumilia. Vyumba vya nyuma vina dirisha linalopitisha hewa." Mimi nilikuwa nikilala nikiwaza dirisha hilo.

Sasa tufike siku yenyewe. Asubuhi Mzee alikuwa na miadi na daktari wa kifua, mji wa pili kutoka hapa. Akakodi gari. Shangazi akaenda naye, maana Mzee akienda peke yake hamwambii daktari ukweli. Kabla ya kupanda gari aliniita.

"Nikirudi nataka jibu, Sponji."

"Utalikuta, Mzee."

Shemeji alisimama pale akitusikiliza, anazungusha funguo za duka kidoleni.

Nikajifungia stoo. Soketi ilikuwa imeshikwa na chaja ya vifaa tangu jana yake, kwa hiyo simu yangu ilikuwa hoi, kioo kimefifia hata maandishi unayasoma kwa kuyakisia. Sikujali. Nilivuta kwa zamu, njiti baada ya njiti. Nikiwa karibu kukata tamaa, taa ya Mzee ikapepesa. Nikabonyeza tena, ikapepesa. Nikabonyeza mara ya mwisho, kimya. Nikamvuta Shangazi: mluzi uleule, wingu lilelile.

Nilipata jibu. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kidogo, sitaki kuficha. Kisha nikachukua simu nimwandikie mke wangu, aliyekuwa ndani anafua. Nikaandika hivi, na sijabadilisha hata nukta:

"Mzee amekata moto. Shangazi bado anapumua ila simpi muda mrefu. Furaha niliyo nayo siwezi kuieleza. Vyumba vya nyuma ni vyetu."

Nikatuma. Simu ikazima mikononi mwangu.

Sikuona nimemtumia nani. Asubuhi hiyo baba mdogo, yaani mdogo wake Mzee, alikuwa amesalimia kwenye kundi la familia, na kundi hilo ndilo lililokuwa juu kabisa, pale ambapo jina la mke wangu hukaa siku zote. Kidole changu kilikwenda palipozoea.

Mimi nikaendelea na Shangazi kwa raha zangu, nivute mpaka naye aishe, kazi iwe kamili. Nikasikia kilio kutoka ndani. Nikadhani ni televisheni. Kilio kikaongezeka, milango ikagongana, nikasema moyoni kwamba tamthilia ya leo imekolea. Jambo moja tu lilinishangaza: shemeji hakuja kunionyesha kwa wateja.

Shangazi alipokata moto na yeye, nikavitia vifaa vyote viwili mfukoni, nikatoka kwenda uani na uso wa mtu aliyefaulu.

Ua ulikuwa umejaa watu. Viti vya majirani vilishapangwa. Wanawake walikuwa wameshikana wanalia. Baba mdogo alikuwa ameketi, mkono shavuni, macho mekundu. Waliponiona, wote wakanigeukia.

"Jamani, nani tena?" nikauliza.

Jirani mmoja, mama wa duka la vitambaa, akatema mate karibu na mguu wangu. "Anatuuliza sisi," akasema.

Baba mdogo alininyooshea simu yake. Nikasoma maneno yangu mwenyewe. Niliyasoma kama wao walivyoyasoma, kwamba Mzee na Shangazi wamepata ajali njiani, kwamba mimi ndiye niliyepigiwa, na kwamba nimefurahi.

Nikafungua mdomo niseme ni betri. Kabla sijatoa neno, mke wangu alitoka mbio, akajitupa kifuani pangu akilia kwa sauti, watu wakatoa sauti za huruma. Akaninong'oneza sikioni, "Nyamaza. Usiseme hata neno moja. Njoo jikoni."

Jikoni akafunga mlango, akajifuta uso kwa kanga. Macho yalikuwa makavu.

"Nilijua," akasema. "Niliposoma tu nilijua ni zile betri."

"Sasa mbona hukuwaambia? Watu wanalia huko nje."

"Nilitaka kuwaambia. Kaka akaniwahi. Unajua alisema nini? Hakusema baba yangu. Alisema, funguo za kabati la baba ziko wapi. Hata chozi hakutoa. Ameshakwenda kununua kufuli jipya la duka."

"Tumpigie Mzee basi."

"Simu yake imezimwa, wako kwa daktari, na Shangazi hana simu. Na hata ingekuwa inapatikana, usipige." Akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya sabuni ya kufulia. "Sikiliza. Mwache kaka ajianike mwenyewe. Baba atarudi, atamkuta amekalia kiti chake, amefunga duka lake. Atamfukuza papo hapo. Duka litabaki kwa nani?"

"Na mimi je? Umeuona ujumbe wangu? Nimesema nina furaha isiyoelezeka."

"Si mimi niliyewapa hayo majina? Nitasema mwenyewe mbele ya baba, atacheka yataisha. Wewe vumilia kidogo tu."

Kuvumilia ndiyo kazi niliyobakiwa nayo katika nyumba ile. Nikamkubalia. Nilimwamini, kwa sababu ni mke wangu, na kwa sababu alinishika uso.

Tulitoka. Shemeji alikuwa amerudi na kufuli lake, analining'iniza kwenye mlango wa duka. Alipomaliza alikwenda kukaa kwenye kiti cha Mzee, kile cha mikono, akakunja nne, akakohoa watu wamsikilize.

"Tuseme ukweli," alianza. "Baba alikuwa mtu mgumu. Alitubana sote. Sasa amepumzika na sisi tupumzike. Duka litakuwa chini yangu. Dada yangu atakuwa chini yangu. Shangazi, kama atapona, tutamtafutia pa kwenda, maana nyumba hii si hospitali."

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali. Majirani nao wakatikisa. Mimi niliwahesabu wote moyoni nikifikiri kwamba ndio watakaokuwa mashahidi.

"Sasa tumalizane na huyu." Shemeji akaninyooshea kidole. "Aliyeandika kwamba ana furaha. Sponji, njoo hapa katikati. Piga magoti uwaombe radhi wafiwa."

Nikamtazama mke wangu. Akanipa ishara ya kichwa, kidogo sana, kwamba nipige.

Nikapiga magoti kwenye saruji.

"Sema, mimi ni mtu wa kuokotwa."

Nikasema.

"Sema, nimekula kwa marehemu nikamwombea kifo."

Nikasita. Mke wangu akainamisha macho. Nikalisema na hilo. Mtu mmoja nyuma yangu alinimwagia chai iliyobaki kwenye kikombe, ikanitiririka shingoni, na shemeji akaniambia nisiifute. Kisha akaniamuru niamke nipange viti vizuri, maana wageni wa msiba walikuwa wanazidi. Nikapanga viti vya msiba wa betri, shati limelowa, huku nikisema moyoni, rudi Mzee, rudi haraka, rudi umkute hivyohivyo kwenye kiti.

Mzee hakurudi haraka. Shemeji alichoka kukaa. Aliinuka kwenye kiti, akaenda kusimama kando ya baba mdogo, akaanza kupokea mikono ya rambirambi kama mfiwa mwema. Na hapo ndipo gari lilipoingia.

Mlango wa gari ulifunguka. Akashuka Shangazi na mfuko wa dawa. Upande wa pili akashuka Mzee, mzima wa afya, amekasirika kwa sababu dereva alipitia njia ya mbali.

Kiti kimoja kilianguka. Mama wa duka la vitambaa akashika kichwa, akaketi chini palepale. Wengine walirudi nyuma hadi ukutani.

Mzee aliutazama ua wake, viti, watu, machozi. Akatembea polepole hadi kwa mdogo wake.

"Nani amekufa?"

Baba mdogo aliinuka kitini. "Wewe, kaka."

Nilimtazama mke wangu nikitaka kumwambia kwa macho kwamba sasa ndiyo wakati. Lakini shemeji, ambaye sikuwahi kumwona akikimbilia kazi, siku hiyo alikuwa wa kwanza. Alianguka miguuni pa baba yake, akaikumbatia, akalia kilio cha kweli kabisa, kamasi na yote.

"Baba, uko hai. Baba, tulikufa sisi. Huyu ndiye aliyetutangazia," akasema, na mkono wake ukanielekea mimi. "Soma mwenyewe."

Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kila neno peke yake. Alipofika kwenye "simpi muda mrefu", Shangazi akashusha mfuko wa dawa chini.

"Mimi?" akaniuliza. "Mimi ninayekufichia mkate kila siku usiingiwe na njaa? Mimi ndiye hunipi muda mrefu?"

"Shangazi, si wewe," nikasema. "Ni yule mwingine."

"Shangazi gani mwingine yupo hapa?"

Mzee alikuwa ameshaona mlango wa duka. "Hilo kufuli la nani?"

"La kwangu, baba," akajibu shemeji bila kupepesa. "Nililinunua haraka, maana umeona mwenyewe alichoandika kuhusu vyumba vya nyuma. Niliogopa atahamia kabla hatujakuzika."

Nikawageukia mashahidi wangu. "Semeni basi. Alikaa kwenye kiti cha Mzee. Amesema Shangazi atafutiwe pa kwenda. Mlimsikia."

Baba mdogo alikuwa anaangalia kucha zake. Majirani walikuwa wanaangalia ardhi. Nani angesema? Wote walitikisa vichwa. Kumtaja shemeji kulikuwa kujitaja na wao. Hilo mke wangu hakulipigia hesabu, wala mimi.

Sikuwa na njia nyingine. Nikavitoa vifaa mfukoni, nikamnyooshea baba mkwe kile cha chuma.

"Mzee ni hiki," nikasema. "Hiki ndicho kilichokata moto. Na hiki cha waridi ndiye Shangazi. Nilikuwa naeleza matokeo ya kipimo chako."

Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa. Mzee akakipokea.

"Hiki kinaitwa Mzee."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi naitwa nani?"

"Mzee."

Alikigeuza, akatazama pete ya chini. Kisha akakipokea na kile cha waridi, akatazama pete yake pia. Nikaona uso wake unabadilika, na si kwa upole.

"Uliviweka namba ngapi?"

"Nne, vyote viwili. Sawasawa kama ulivyoniagiza."

"Nne ya hiki cha chuma ni volti nne. Nne ya hiki cha waridi ni hatua ya nne tu, volti zake ziko chini mno. Hiki umekibebesha mzigo, hiki kingine umekitembeza mikono mitupu, halafu unaniletea mshindi." Akaizungusha pete ya kile cha chuma, akaishusha hadi mwisho, akabonyeza. Taa ikawaka. Akavuta, kikakwaruza, akanipulizia wingu lote usoni. "Mzee hajakata moto."

Shemeji alikuwa bado ameshika miguu ya baba yake, lakini nilimwona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo jibu lako ni la kubahatisha," Mzee akaendelea. "Tulishakubaliana. Lakini kukosea kazi ni kitu kimoja, kuniombea kifo ni kitu kingine. Kama umekosea kazi tu, utatoka hapa kwa miguu yako, na mkeo akitaka kukufuata sitamzuia. Kama umefurahia kifo changu, huyu binti hutamwona tena, na hutatoka kwa miguu yako. Sasa niambie. Nani mwingine anajua kwamba kifaa hiki kinaitwa Mzee?"

Nilijisikia nimepona. Duka limekwenda, vyumba vimekwenda, dirisha la kupitisha hewa limekwenda, lakini nilichokuwa nakihofia zaidi ya vyote kilikuwa mikononi mwa mtu aliyenishika uso na kuniahidi.

"Mke wangu," nikasema. "Yeye ndiye aliyekipa jina."

Watu wote waligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sinia la vikombe.

Shemeji akainuka taratibu, akajipangusa magoti. Aliongea naye kwa sauti ya upole, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimjue.

"Eti dada? Kama ulijua, mbona uliacha watu walie tangu asubuhi? Kama ulijua kwamba baba yuko hai, mbona ulilia na wewe?"

"Swali zuri," Mzee akasema. "Mwanangu, ulijua?"

Nilimtabasamia ili nimpe nguvu. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu alinitazama muda wote alipokuwa anajibu.

"Sikujua, baba." Akaweka sinia chini. "Ana siku nyingi anaongea na hivyo vitu chumbani. Kimoja anakiita Mzee, kimoja anakiita Shangazi. Anavicheka, anavitukana. Mimi nilikuwa naogopa kukwambia."

Mzee akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Funga geti," akamwambia shemeji.